Mbegu za Uyoga Mamama za Chupa: Tathmini ya Mnunuzi

Chupa niliyoinunua ilikuwa imejaa punje za mtama zilizofunikwa na utando mweupe usio na doa la kijani, na hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya mbegu safi. Nilizichanganya na majani makavu ya mgomba yaliyokatwakatwa, kuchemshwa na kupozwa, kisha nikayashindilia katika mifuko ya plastiki.

Ubora wake ulidhihirika katika namna zilivyoishambulia lignini, kampaundi ngumu inayoimarisha kuta za seli za majani hayo, iliyojengwa kwa pete thabiti za atomi za kaboni, ambayo vijidudu vingi hushindwa kuivunja. Kwa kuwa uyoga huu, ambao ni aina ya kuvu, hauwezi kuifyonza ikiwa nzima, nyuzi zake hutoa nje vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali: lakasi, yenye atomi 4 za shaba, hunyang'anya fenoli (sehemu za lignini zenye pete hizo) elektroni na kuzikabidhi kwa oksijeni, ambayo hugeuka maji, nayo peroksidasi ya manganizi hutumia haidrojeni peroksaidi kuzalisha ayoni za manganizi, yaani chembe ndogo zenye chaji, zinazopenya mahali ambapo kimeng'enya chenyewe, kwa ukubwa wake, hakifiki. Majani yaliyokuwa ya kahawia yalipauka, yakalainika kiasi cha kukatika kwa vidole.

Kasoro imo kwenye karatasi ya maelekezo, inayoagiza mfuko ufungwe kabisa ilhali lakasi haifanyi kazi bila oksijeni; ni afadhali kutoboa matundu na kuyaziba kwa pamba. Bei naiona ya haki, ingawa chupa ingepaswa kuandikwa tarehe ya kuzalishwa kwa mbegu.