Laptopu kongwe: nini cha kununua kwanza, nini kisubiri, na nini usikiguse

Laptopu ya miaka kumi ikianza kuvuta miguu, lawama zote humwangukia prosesa. Bahati mbaya hicho ndicho kitu ambacho kwenye laptopu nyingi huwezi kukibadilisha, kwa sababu kimechomelewa kwenye ubao mama. Bahati nzuri ni kwamba mara nyingi hakina hatia. Kinachoikwamisha mashine ni diski, kisha RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika kazi ulizofungua), kisha mfumo endeshi (kama Windows) mzito uliowekwa kwenye mashine isiyouweza.

Nimepanga orodha hii kwa kigezo kimoja tu: pesa ndogo inakurudishia nini. Ndiyo maana vitu vya bei nafuu viko juu, na kimoja au viwili vya bure kabisa vinawapiku vya kulipia.

Pima kwanza

Kama unatumia Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu inayoonyesha michoro ya diski, RAM na prosesa, kisha endelea na kazi zako za kawaida huku ukiitupia jicho.

Diski ikiwa imeganda kwenye 100% wakati kasi ya kusoma haivuki MB mbili au tatu kwa sekunde, umempata mhalifu. Sindano ya diski inahangaika huku na huko kutafuta vipande vidogo vya faili, na wewe unasubiri. RAM ikijaa hadi 90% na zaidi baada ya kufungua vichupo vichache vya kivinjari, mashine imeishiwa nafasi na inahamishia mzigo kwenye diski, jambo linalozidisha msongamano uleule. Prosesa ikikaa 100% hata pale usipofanya lolote, angalia programu gani inaila. Kama inapanda tu ukicheza video, kuna dawa yake isiyo na gharama, nitaifikia.

Usiruke hatua hii. Nimeona watu wakiongeza RAM hadi GB 16 kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka, halafu wakashangaa kwamba bado inachukua dakika nzima kuwaka.

Nafasi ya kwanza: flashi moja

Wengi wangeweka SSD hapa, yaani hifadhi ya chipu inayochukua nafasi ya diski ya kuzunguka. Mimi naanza na flashi ya GB 8 au 16, kwa kuwa ndiyo itakayokuambia kama SSD inastahili kununuliwa. Unaweka Linux nyepesi (mfumo endeshi wa bure) kwenye flashi hiyo, unaiwasha laptopu kutoka humo, na unaijaribu bila kugusa chochote kilicho kwenye diski. Ukitumia programu ya Ventoy, flashi moja inabeba mifumo kadhaa: unaiandaa mara moja (inafuta vilivyomo, kwa hiyo hamisha faili zako kwanza), kisha unanakili mafaili ya ISO (kila moja lina mfumo mzima) humo kama unavyonakili picha.

Ukiwa ndani ya mfumo huo wa majaribio, kagua wifi, sauti, kamera, vitufe vya mwanga wa skrini, na kama mashine inaamka vizuri baada ya kufunga kifuniko. Kadi za wifi za Broadcom ndizo hasa husumbua kwenye Linux; ikigoma, kifaa kidogo cha wifi cha kuchomeka kwenye USB kinamaliza ubishi. Usipime kasi ya kuwaka, flashi ni nzito kwa asili. Pima baada ya kivinjari kufunguka: je, ukurasa unasogea bila kukwama?

Mfumo upi? Hapa RAM ndiyo mwamuzi.

Ukiwa na GB 4 na prosesa ya biti 64, chukua Linux Mint toleo la Xfce. Si nyepesi kuliko zote, lakini kila kitu kiko pale ambapo mtu aliyezoea Windows atakitafuta, na hilo lina thamani kuliko kuokoa MB mia mbili. Lubuntu, yenye mwonekano wa LXQt, inaifuata kwa karibu. Ukiwa na GB 2, nenda antiX. Sura yake si ya kuvutia, menyu zake zinahitaji kuzoeleka, ila inakuachia sehemu kubwa ya RAM kwa ajili ya kazi yako. Chini ya hapo kuna Puppy Linux, ambayo hujipakia yote ndani ya RAM na kwa hiyo hukimbia hata diski ikiwa mbovu, ingawa kurasa za leo za intaneti zitaijaza RAM hiyo kabla hujamaliza kusoma habari moja. Mashine ya GB 1 ifanye kazi za nje ya mtandao: kuandika, kusikiliza muziki, kutunza hesabu.

ChromeOS Flex ya Google ni ya bure pia, na inamfaa mtu ambaye maisha yake yote ya kompyuta yamo ndani ya kivinjari. Inataka prosesa ya biti 64, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 16. Haina duka la programu za Android, na kila modeli iliyothibitishwa ina tarehe ya mwisho wa huduma, kwa hiyo tafuta yako kwenye orodha yao kabla ya kuisakinisha.

Prosesa za biti 32 ziko pabaya. Debian 13, aina ya Linux iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha mashine hizo, na mifumo mingi nyepesi imejengwa juu ya Debian. Bado zipo njia, lakini usitumie pesa kununulia mashine ya namna hiyo kifaa chochote.

Na Windows? Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kifaa cha usalama ndani ya mashine) na, kwa upande wa Intel, karibu kila prosesa iliyo chini ya kizazi cha 8 imeachwa nje. Kuna mbinu za kupita mlango wa nyuma, lakini mfumo wenyewe haupungui uzito kwa sababu umeingizwa kwa ujanja, wala huna uhakika wa masasisho yajayo. Kwa laptopu dhaifu siipendekezi.

Nafasi ya pili: SSD

Kama laptopu yako bado ina diski ya kuzunguka na jaribio la flashi limekuridhisha, hakuna kifaa kingine kitakachokupa mabadiliko makubwa kiasi hiki. Diski ya kuzunguka huhudumia takriban maombi mia moja ya faili zilizotawanyika kwa sekunde. SSD ya kawaida ya SATA (aina ya muunganisho wa diski) huhudumia makumi ya maelfu. Kuwasha mashine, kufungua kivinjari, kutafuta faili, yote ni maombi madogo madogo yaliyotawanyika, na ndiyo maana tofauti unaiona kwa macho bila kipimo chochote.

Hii pia inajibu swali la kama ununue ya gharama. Usinunue. Soketi ya SATA haiwezi kupitisha zaidi ya takriban MB 550 kwa sekunde, na laptopu za zamani zaidi zenye SATA II huishia karibu nusu yake. SSD ya bei ya kati itafika kwenye dari hiyo. Ya bei ya juu itagonga dari hiyohiyo. Ukubwa wa GB 240 au 256 unatosha watu wengi.

Fungua kifuniko kabla ya kununua, au mwambie fundi akifungue. Diski nyingi za laptopu ni za inchi 2.5, lakini za zamani zina unene wa mm 9.5 na SSD huwa na mm 7, kwa hiyo itacheza ndani ya kitanda chake isipopewa fremu ya plastiki ya kujazia. Skrubu na kile kibati kinachoshika diski ya zamani usivitupe, utavihamishia kwenye mpya. Kama ndani kuna soketi ya M.2, ile ya SSD nyembamba zenye umbo la kijiti, kuwa makini: SSD ya M.2 ya SATA na ya NVMe (muunganisho mpya na wa kasi zaidi) zinafanana umbo na bado si kitu kimoja. Kwa kawaida ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake ya dhahabu na ya NVMe ina mmoja. Soketi nyingi za laptopu za zamani zinakubali aina moja tu, kwa hiyo soma mwongozo wa modeli yako. Na kama hifadhi yako ni eMMC, ile iliyochomelewa ubaoni kwenye laptopu ndogo za bei ya chini, hakuna cha kuchomoa. Baadhi zina soketi tupu ya M.2 pembeni, na hiyo ni bahati.

SSD feki ni nyingi, na dalili yao ni moja: ukubwa wa kutisha kwa bei ya kitoto. Ndani ya kasha unakuta kadi ya kumbukumbu, kama zile za simu, iliyodanganywa iseme ni TB kadhaa. Mashine itaamini, utanakili faili, na vinavyozidi uwezo halisi vitapotea kimyakimya. Siku ileile ya kuinunua, ijaze yote kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux. Programu hizi huandika data hadi mwisho wa diski kisha huisoma upya kuona kama iko salama. Inachukua muda, lakini afadhali ungoje saa chache wakati risiti bado iko mfukoni.

Sakinisha mfumo upya badala ya kunakili ule wa zamani na takataka zake zote. Diski ya zamani, kama bado ni nzima, itie kwenye kasha la USB na uifanye ya akiba.

Nafasi ya tatu: RAM

Kutoka GB 4 kwenda 8 ni hatua unayoihisi. Kutoka 8 kwenda 16, kwa mashine ya aina hii, karibu hutaona kitu.

Kosa linalogharimu watu ni volti. DDR3 ya kawaida, aina ya RAM ya laptopu nyingi za zamani, hutumia volti 1.5 na DDR3L hutumia 1.35. Laptopu za Intel za kizazi cha 4 zinataka DDR3L, na ukiweka ile ya kawaida mashine inaweza kukataa kuwaka. Kinyume chake, DDR3L kwenye mashine ya DDR3 ya kawaida, mara nyingi hukubali. Kwa hiyo ukiwa na shaka, chukua DDR3L. DDR4 haiingii kabisa kwenye soketi ya DDR3, mkato wake uko mahali pengine. Angalia pia idadi ya soketi na kiwango cha juu ambacho ubao wako unakubali. Laptopu nyembamba nyingi zina RAM iliyochomelewa.

Kama huwezi kuongeza, washa zram kwenye Linux. Hubana data isiyotumika ndani ya RAM yenyewe badala ya kuisukumia diski, na kwa mashine ya GB 2 au 4 inasaidia kweli. Kisha dhibiti kivinjari: Firefox na uBlock Origin, kiendelezi cha kuzuia matangazo. Matangazo na vifuatiliaji ndivyo vinavyokula RAM na prosesa kwenye kurasa nyingi, kuliko maandishi unayoyasoma. Kwa video za YouTube, ongeza kiendelezi cha h264ify. YouTube hupenda kutuma video za miundo mipya ya VP9 au AV1, ambayo chipu za picha za zamani haziwezi kuifungua zenyewe, basi mzigo unamwangukia prosesa. Kiendelezi hicho hulazimisha H.264, muundo wa zamani ambao chipu hizo zinauweza, na feni inatulia.

Nafasi ya nne: vitu vidogo vya matengenezo

Betri ndogo ya saa, CR2032, ni rahisi na inasahaulika. Ikifa, kila mashine inapokosa umeme wa chaja na wa betri kuu tarehe inarudi miaka nyuma, na tovuti zinaanza kukukatalia kwa onyo la usalama. Watu husakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya kidonge hicho.

Safisha feni na ubadilishe pasta ya joto kama haijawahi kuguswa. Prosesa ikipata joto sana hujipunguza kasi yenyewe.

Betri kuu iwe ya mwisho. Kwenye Windows fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport na ulinganishe uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Ikiwa unafanyia kazi mezani, iliyochoka bado inakutosha. Iliyovimba iondoe leo. Unapochagua mpya, tafuta tarehe ya kutengenezwa, kwani betri huchakaa hata ikikaa dukani.

Usivinunue

Programu za kulipia zinazodai kusafisha na kuharakisha Windows. Flashi ya kuongeza RAM. Sahani ya feni ya kuweka chini ya laptopu, wakati vumbi bado limeziba feni ya ndani.

Ikibidi mashine nyingine

Ukijumlisha SSD, RAM na betri, linganisha na bei ya laptopu ya ofisini iliyotumika, kama ThinkPad za mfululizo wa T, Latitude au EliteBook. Tafuta Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Hapo ndipo i5 za laptopu nyembamba zilipotoka kwenye viini (vitengo vya kazi ndani ya prosesa) viwili hadi vinne: i5-7200U ina viwili, i5-8250U ina vinne, na ni hiyo ya pili inayokubaliwa na Windows 11. Kabla ya kulipa, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) uone kama ina nenosiri. Nyingi zilitoka kwenye makampuni, na iliyofungwa huko huenda muuzaji naye hana jinsi ya kuifungua.