Kriatini baada ya miaka hamsini: uzoefu wangu

Mwanaume aliyepita hamsini akisema nguvu zimemwishia, watu hukimbilia kudhani anazungumzia mambo ya chumbani. Mimi shida yangu ilikuwa ngazi. Nikifika juu na mzigo mkononi mapaja yanatetemeka, na nikichuchumaa kufunga kamba za viatu, kuinuka mpaka nishike ukuta. Ndiyo maana nikajaribu unga wa kriatini, ambao wengi wa rika langu wanauona ni kitu cha vijana wa jimu.

Kabla ya kununua nilikwenda kupima. Daktari aliangalia wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo na testosteroni, yaani homoni ya kiume. Hiyo ya mwisho hupimwa asubuhi, maana ndipo huwa juu. Wenzangu, msiruke hatua hii: uchovu unaweza kuwa kisukari au upungufu wa damu, na hakuna kopo la unga litakalotibu hayo. Mimi majibu yalikuwa mazuri. Kilichopungua ni misuli, na misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya thelathini kama haifanyishwi kazi.

Kriatini mwili wenyewe huitengeneza, na nyingine tunaipata kwenye nyama na samaki. Misuli huiweka akiba ili kurudisha nishati haraka kwenye kazi fupi nzito: kunyanyua, kuinuka, kupanda. Nilichagua kriatini monohaidreti tupu, isiyochanganywa na kitu kingine. Natumia gramu 5 kwa siku. Wapo wanaoanza na gramu 20 kwa siku kwa wiki moja ili misuli ijae upesi. Sikuona haja, kwa sababu dozi ndogo inafika palepale ndani ya wiki tatu au nne bila kusumbua tumbo.

Unga wenyewe hauna ladha. Kwenye maji baridi unatuama chini ya glasi kama mchanga laini, kwa hiyo tumia maji ya uvuguvugu na ukoroge vizuri. Ukiona umebaki chini, ongeza maji umalizie, maana hiyo ni sehemu ya dozi yako.

Mwanzoni mizani ilipanda kidogo. Hayo ni maji yanayoingia kwenye misuli, si mafuta. Nafuu yenyewe ilikuja taratibu, tena niliiona kwanza kwenye mazoezi: nilipokuwa naishiwa nguvu katikati ya kuchuchumaa na vyuma, nikaanza kumaliza. Kisha ngazi zikawa nyepesi, na ukuta sishiki tena. Lakini nasisitiza, unga huu unamsaidia anayefanya mazoezi ya uzito. Ukinywa na kukaa kwenye kochi, usitarajie mengi.

Naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu lebo inadai pia kuongeza homoni za kiume. Hilo halijathibitishwa, na kwangu tendo la ndoa lilibaki vilevile. Muuzaji angesema ukweli bado ningenunua.

Kama unatumia, mwambie daktari kabla ya kipimo cha figo. Kriatini hugeuka kuwa kreatinini, ambayo maabara huitumia kukadiria kazi ya figo, hivyo namba inaweza kupanda wakati figo ni nzima. Mwenye ugonjwa wa figo asianze bila ushauri.

Na wale mnaotafuta nguvu za kiume kwenye vidonge vinavyoitwa vya asili, tafadhali kuweni makini sana. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara nyingi kuhusu vidonge vya aina hiyo vilivyokutwa na sildenafili, dawa ya nguvu za kiume iliyomo kwenye Viagra, ambayo haikuandikwa popote kwenye lebo. Anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akimeza kitu hicho bila kujua, presha inaweza kushuka ghafla hadi kumuua. Kama tatizo lako ni hilo, mwone daktari akuandikie dawa inayojulikana, kwa dozi inayojulikana.