Plasma ao shalumo? Nimekata tole, shasi na shaba kwa zote mbili

Jambo yenu wandugu, mafundi wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na kokote mnakotazama. Karibuni katika atelie.

Leo nimeweka vitu viwili mbele yenu. Upande huu ni shalumo, tochi ya kukatia kwa gesi, na mipira yake miwili, wa buluu kwa oksijeni, mwekundu kwa asetileni. Upande ule ni mashine ya plasma ya ampea 40, inayokata kwa umeme na hewa, na nyuma yake kompresa ya kuipa hewa. Tangu nionyeshe ile kazi ya kukata bene ya lori, lile sanduku la nyuma la kubebea mzigo, swali linalonifikia ni moja: yaya, kama nina pesa ya kununua kimoja tu, nichukue kipi? Shalumo niliijua tangu nikiwa mwanafunzi wa fundi, na plasma ninayo kwa mwaka wa nne sasa. Hakuna duka lililonilipa. Nawaambia nilivyoona mkononi mwangu.

Tuanze na hii tole, yaani bamba la chuma, ya milimita 2, ile tunayofanyia milango ya lupango. Nawasha plasma. Sikilizeni ule mlio wa hewa, kisha cheche. Sss... imekwisha. Gusa hapa pembeni: kuna joto, lakini tole imebaki sawa kama ilivyokuwa. Sasa shalumo kwenye tole ileile. Mnaona? Inakata, ndiyo, ila tazameni inavyojikunja. Nitapiga nyundo nusu saa kuinyoosha, na mteja bado ataona mawimbi akiupaka rangi. Kwa tole nyembamba hakuna mjadala, plasma imeshinda.

Sasa hapa kwenye kipande cha shasi, milimita 25, kilichotoka kwenye lori la mgodi. Plasma yangu inakwaruza tu juu, cheche zinanirudia usoni. Naiweka chini. Nachukua shalumo, napasha ukingo... subirini... mpaka uwe mwekundu unaong'aa kama kaa la makala. Sasa nabonyeza mkono wa oksijeni. Tazameni chini! Inamwagika yenyewe.

Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kushika shalumo bila kuambiwa inafanya nini. Moto wa shalumo si ndio unaokata. Moto ule, kama nyuzi 3,100 kwa asetileni, kazi yake ni kupasha chuma kifike karibu nyuzi 900. Kikishafika hapo, ukikipulizia oksijeni safi, chuma chenyewe kinawaka. Kinakuwa kuni. Ndiyo maana chuma kinene hakiisumbui shalumo: kadiri unavyokwenda ndani, chuma kinazidi kujipa moto. Na yale mavi ya chuma yanayomwagika yanayeyuka mapema kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo yanatoka na kuacha njia wazi.

Sasa jaribu inoxi, kile chuma kisichoshika kutu. Ndani yake kuna kromiamu, na kutu ya kromiamu ni ngumu kuyeyuka kuliko chuma chenyewe. Inafunika, moto haupenyi, unabaki na uji mzito usiotengana. Alumini ndiyo mbaya zaidi: yenyewe inayeyuka kwa nyuzi 660, lakini ngozi yake ya juu inataka zaidi ya 2,000. Inakuangukia mguuni kabla hujajua imeyeyuka. Na shaba? Shaba haiwaki namna hiyo, na inanyonya joto lako lote na kulipeleka mbali. Hili linanigusa, kwa sababu sisi ni watu wa shaba. Kutoka 1971 hadi 1997 jimbo letu lenyewe liliitwa Shaba. Kuna vijana hapa mjini wanaofua picha juu ya tole za shaba, wanapoteza siku nzima na mkasi ao msumeno kukata umbo la nje. Plasma haijali kama chuma kinaweza kuwaka ao hapana. Inapitisha umeme ndani ya hewa kwenye tundu dogo sana, hewa inafika hata nyuzi 20,000, inayeyusha kilichopo mbele na kukipuliza chini. Kinachotakiwa ni metali ipitishe umeme tu. Hii hapa shaba ya milimita 2... mmeona. Ndugu zangu wa shaba, kama mko watano, changeni pesa mnunue plasma moja.

Kwa umri, shalumo ni mzee. Wafaransa Fouché na Picard waliitengeneza 1903, miaka 7 tu kabla mji wetu huu haujaanza. Plasma ya kukatia ilipata hati yake ya uvumbuzi Marekani 1957, kwa Robert Gage. Lakini ukubwa wa umri hauamui kitu hapa. Kinachoamua ni chakula cha mashine, na hapo ndipo watu wanapoumia.

Chakula cha kwanza cha plasma ni umeme. Mashine hii ya ampea 40 ikikata kwa nguvu zote inataka kama kilovolti-ampea 6 hadi 7, yaani karibu ampea 30 kwenye volti 220. Ongeza kompresa, ambayo kila ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Sasa fikiria umeme wa mtaani kwako, katika komini zetu za hapa Lubumbashi: Katuba, Ruashi, Kenya. Saa moja ya jioni, kila nyumba imewasha resho ya umeme ya kupikia. Nilipima hapa kwa multimeta: volti 168. Plasma iliwasha taa nyekundu ikakataa kazi, na mteja alikuwa amesimama pale mlangoni. Siku za kukatwa umeme ndio kabisa. Ukisema nitatumia grupu, yaani jenereta, sawa, lakini usichukue ile ndogo ya dukani. Kwa plasma na kompresa pamoja mimi sishuki chini ya kilovolti-ampea 10. Na kumbukeni Lubumbashi iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Injini ya petroli isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake hapa. Namba iliyoandikwa kwenye grupu si ile utakayoipata.

Chakula cha pili ni hewa, na hii ndiyo iliyonitoa machozi. Mwaka wa kwanza, muuzaji aliniambia kompresa yoyote inafaa, filta si lazima. Nilimwamini. Ikaja mvua ya Januari. Asubuhi moja nilimaliza elektrodi tatu, zile ncha za ndani ya tochi ninayoshika mkononi. Mkato ukaenda mshazari, cheche zikageuka kijani, nikaanza kuilaani mashine. Nikafungua koki ya chini ya tangi la kompresa: maji yalitoka kikombe kizima, ya rangi ya kutu. Maji hayo yalikuwa yanaingia kwenye tochi kila nikibonyeza. Tazameni elektrodi hii karibu, nitasogeza kamera. Ni shaba, lakini katikati kuna kidoti kidogo cha kijivu. Hiyo ni hafniamu, ndiyo inayobeba cheche. Kila kuwasha kunaila kidogo. Kidoti kikichimbika zaidi ya milimita moja na nusu hivi, itoe, usingoje, kwa maana itaharibu na pua yake, ile yenye tundu la kutokea moto. Maji yanaichimba kwa asubuhi moja.

Sasa nafanya hivi. Kila asubuhi namwaga maji ya tangi kabla ya chai. Kutoka kompresa hadi filta nimeweka bomba refu, mita kumi, lililopita ukutani kwenye kivuli, ili hewa ipoe na maji yaanguke kabla. Halafu filta ya kukamata maji, halafu chupa ya vile vidonge vya kukausha hewa. Tangu hapo seti moja ya elektrodi na pua inanifanyia siku nyingi za kazi. Na kompresa msidanganywe na karatasi iliyobandikwa. Ile namba kubwa ya lita kwa dakika mara nyingi ni hewa inayovutwa, hewa inayotoka ni pungufu sana. Tochi hii inataka kama lita 150 kwa dakika, kwa bari 5, zikiwa zinatoka kweli, si presha ya kusimama.

Hapohapo kwenye karatasi za mashine: soma milimita kwa akili. Mashine hii imeandikwa 12. Mimi natoa mkato mzuri hadi 8. Kwenye 12 inatenganisha tu, ukingo mchafu, unabaki na kazi ya diski. Kiwanda kinachoheshimu mteja kinakuandikia vyote viwili. Hypertherm wa Marekani, kwa Powermax45 XP yao, wanasema kukata vizuri ni milimita 16, kutenganisha ni 29. Ukiuliza dukani, uliza namba ya kukata vizuri. Na ile asilimia 60 mnayoiona nyuma maana yake ni dakika 6 za kazi katika kila 10. Dakika 4 iache ipumue.

Turudi kwa shalumo, maana nayo ina mambo ambayo lazima niyaseme kwa sauti. Kuna atelie nimeingia, sitaitaja, wanatengeneza asetileni yao kwa kabaidi na maji ndani ya tangi walilochomelea wenyewe. Naelewa sababu, kujaza chupa ni ghali. Lakini asetileni ikibanwa kupita bari moja na nusu hivi inaweza kulipuka bila oksijeni, bila cheche, yenyewe tu. Ndani ya chupa ya kiwandani inatulia kwa sababu chupa ile imejaa kitu chenye vitundu kama sponji, na asetoni inayoinywa. Tangi lenu halina hivyo. Tafadhali, vijana, acheni. Chupa ya asetileni isimame wima, isilazwe. Usiunge mpira wake kwa bomba la shaba, gesi hiyo na shaba zinazaa unga unaolipuka. Mikono yenye grisi isiguse koki ya oksijeni, hata kama umetoka chini ya gari sasa hivi. Nawa. Na valvu za kuzuia moto kurudi, hizi hapa mbili, ni kitu kidogo kwa bei ukilinganisha na chupa unazozilinda.

Kama asetileni inakushinda bei, ipo propani. Mimi mwenyewe kwa shasi nene natumia propani sasa. Inachukua muda zaidi kupasha, moto wake uko kama nyuzi 2,800, na inakula oksijeni nyingi zaidi, kwa hiyo piga hesabu ya chupa zote mbili. Itakutaka pua yake na mpira wake, usitumie vya asetileni. Ila ni nzito kuliko hewa: ikivuja inashuka na kukaa kwenye lile shimo la kutengenezea magari. Ninyi wa garaji, chupa iwe mbali na shimo.

Kuhusu kioo cheusi cha kukinga macho, namba 5 ya shalumo haitoshi kwa plasma. Mimi navaa namba 8.

Sasa yule kijana wa Kasumbalesa aliyeniandikia kwamba anafungua atelie ya kutengeneza mabene na shasi za malori ya njia ya Zambia. Mdogo wangu, wewe nunua shalumo. Kazi yako ni chuma cheusi kinene, utaitwa usiku barabarani mahali pasipo umeme, na chupa mbili juu ya kitoroli zitakufikisha. Anza na propani, nunua detandere, ile ya kupunguza presha ya chupa, nzuri kuliko zote unazoweza. Plasma utaiongeza siku umeme wako ukikaa juu ya volti 210 mchana kutwa. Pima wiki nzima, andika.

Na yule mama wa Kampemba mwenye atelie ya madirisha na milango ya inoxi: mama, wewe chukua plasma, na pesa ya kwanza itoe kwa kompresa na filta kabla hata hujachagua mashine. Ukishapata, niandikie nguvu ya kompresa yako na urefu wa bomba, nitakuchorea namna ya kulipitisha ukutani. Ngoja nifunge chupa hizi: asetileni kwanza, oksijeni baadaye, kisha natoa hewa kwenye mipira. Aksanti sana wandugu.