Pa kula Malindi: uliza nazi imekunwa saa ngapi

Tangu Disemba simu yangu haipumziki. Wageni wanakuja Malindi, wanakula, wanalipa pesa nzuri, kisha wananiandikia mimi kunilalamikia, utadhani mwiko nilishika mimi. Na malalamiko yanafanana: samaki wa kupaka aliletwa akiogelea kwenye mchuzi mweupe pee, mtamu kama uji wa mtoto, na ulipopoa ukafanya ngozi juu. Mmoja akaniuliza kwa adabu kabisa kama ndivyo Waswahili tunavyopenda. Hapo nikaona basi, niandike.

Habari za upepo wa bahari, vitambaa vya meza na wahudumu wachangamfu sitaziandika. Hayo mtu anajionea mwenyewe kabla hajakaa. Mimi mahali pa kula Malindi napapima kwa tui. Mji huu umepikiwa na watu wengi: Waarabu na Wahindi walikuwa wakifanya biashara pwani hii hata kabla Vasco da Gama hajapokewa hapa mwaka 1498, Wareno nao wakatuachia muhogo, mahindi na pilipili kutoka Amerika, Wagiriama na minazi yao wapo, na Waitaliano wakaanza kumiminika miaka ya 1960, mradi wa San Marco ulipoweka kituo cha kurushia setilaiti pale Ngomeni. Ukimtoa Mwitaliano, majiko mengi ya hapa mwisho wake yanarudi kwenye nazi. Na kwenye nazi ndiko mlaji anakoibiwa.

Tui ni kazi. Nazi ivunjwe, ikunwe kwenye mbuzi, itiwe maji kidogo ikamuliwe kwa kifumbu au chujio: hilo ndilo tui la kwanza, zito. Maji tena, kamua tena, upate la pili, jepesi. Mpishi anayejua huanza na jepesi, zito hulitia mwishoni, na hapo mkono hautoki kwenye mwiko, maana tui likiachwa lichemke ovyo hukatika. Tena halikai. Kwa joto letu, la asubuhi likiachwa nje, jioni limeshachacha. Ndiyo sababu mikahawa mingi imehamia kwenye unga wa pakiti. Mtu aliyechoka akiutumia nyumbani kwake simsemi. Namsema anayeutumia kisha ananitoza nazi. Geuza pakiti nyingi usome kwa nyuma: maltodekstrini, ambayo ni wanga, na protini ya maziwa. Mtu ambaye mwili wake haupatani na maziwa anaagiza mchuzi wa nazi akijua amekwepa, kumbe kajipeleka.

Sasa mtambueje? Msiulize, "Hii ni nazi ya kweli?" Jibu lake mnalijua. Ulizeni nazi imekunwa saa ngapi. Anayekuna atakujibu bila kufikiri, pengine na kulalamika mgongo. Asiyekuna atasema, "Iko freshi kabisa, madam," na saa hatataja. Njia nyingine ni kupita nyuma ya jiko. Panapokunwa nazi pana vifuu vimerundikana, pana chicha, yaani makapi ya nazi iliyokamuliwa, na pana kuku wa jirani wanaogombania hiyo chicha. Ukikuta nyuma pamefagiliwa safi na debe limejaa maboksi, umeshajua utakachokula. Na mezani, subiri mchuzi upoe kidogo. Tui la kweli hutoa mafuta yake juu, yanang'aa, mchuzi chini una chengachenga ndogo ndogo. La pakiti hubaki jeupe lilelile kutoka juu hadi chini, na likiwa limeongezewa unga wa ngano litagandia mgongoni mwa kijiko.

Kwa kipimo hicho, nafasi ya kwanza wanachukua akina mama wa mji wa kale, kwenye vichochoro vya Shela karibu na Msikiti wa Ijumaa na yale makaburi ya nguzo. Hawana menyu, wengine hata jina mlangoni hawana. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni samaki, wali na chochote bahari ilichotoa. Mkienda, nendeni kwa salamu na muulize mapema:

"Shikamoo mama. Usiku kuna nini?"

"Marahaba mwanangu. Kuna tafi, lakini nazi bado sijakuna. Njoo baada ya Isha."

Mkiambiwa hivyo, furahini. Nendeni zenu mkatembee mrudi. Yule tafi atachomwa kwanza kwa mkaa, apasuliwe mgongo, ndipo apakwe tui lililopikwa na ukwaju, kitunguu thomu na pilipili, arudishwe motoni apakwe tena, hadi kingo zianze kuungua kidogo. Hizo kingo ndizo ninazogombania nyumbani. Samaki aliyekaangwa kwa mafuta kisha akamwagiwa mchuzi si wa kupaka, hata kama menyu imeandikwa kwa herufi za dhahabu. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, samaki hupungua. Msikasirike mkiambiwa leo ni kuku. Mwezi wa Ramadhani mchana hamtapata kitu mitaa hiyo, ila baada ya magharibi mtashindwa kuchagua.

Nafasi ya pili nawapa Waitaliano, na najua nitatukanwa. Sababu yangu ni nyepesi: nazi hawaigusi, kwa hiyo kwenye nazi hawawezi kunidanganya. Tena kahawa yao hainywewi kwa huruma. Upendeleo wangu siufichi: naipenda Baby Marrow, mkahawa wao mmoja, na mtu akiniambia kuna pengine bora zaidi kwa pasta na vyakula vya bahari hapa mjini namsikiliza tu kwa heshima. Mkikuta sulisuli aliyekaushwa kwa moshi, agizeni kabla ya kufungua ukurasa wa pili. Samaki huyo ndiye Malindi inayojivunia, hasa nyakati za kaskazi. Bei zao ni za Mzungu, hilo lijueni kabla ya kukaa. Na Mei na Juni msije mkitegemea hao, kwani wakati wa masika wengi hufunga.

Wa tatu ni jiko la Kigiriama, ambalo miongozo ya watalii inalipita kama halipo. Tokeni katikati ya mji, shikeni njia ya Ganda, mtafute sima na mtsunga uliotiwa nazi. Mtsunga ni mboga ya majani, mchungu, na tui ndilo linaloulainisha. Ukipikiwa kwa unga wa pakiti uchungu unabaki upande mmoja na utamu upande mwingine, haviongei. Hapo hapo ndipo penye mnazi, ile pombe inayogemwa mtini. Mimi sinywi, lakini ninao ndugu wanaokunywa, na wanasema wa asubuhi ni mtamu, wa alasiri umeshakuwa na meno. Ninachojua kwa macho yangu ni kwamba kole, lile shada linalobeba nazi, likigemwa halizai. Mgema na mkunaji wanagombania mti mmoja, na nazi inapopanda bei sokoni jueni mengine yameshanywewa.

Madafu nayo yana wizi wake. Nazi ina umri: kitale, dafu, koroma, ndipo nazi yenyewe. Mgeni hajui, basi anauziwa koroma barabarani akiambiwa ni dafu, anakunywa maji yaliyopoteza utamu, anakutana na nyama ngumu isiyokwanguka kwa kijiko cha ganda, kisha anaandika kwamba madafu ya Malindi yamezidi sifa. Litikise kabla ya kulipa. Dafu limejaa maji mpaka juu, halisemi kitu. Likicheza ndani, limeshakomaa, mwachie mwenyewe. Na madafu yaliyotiwa kwenye chupa za plastiki yakawekwa kwenye friji, ninyi watu wazima mnayanunua kwa nini?

Biriani na pilau za Waarabu na wali wa mbuzi wa Wasomali nawaweka wa nne, tena kwa heshima. Hawapikii nazi, na wali wao ni wa kweli. Kahawa chungu ya kwenye dele jioni, na kashata pembeni, ikamilishe hapo.

Wa mwisho, na mbali sana na hao wengine, ni "Usiku wa Kiswahili" wa hoteli za ufukweni. Kuna moja, jina naliacha, nilialikwa na ndugu zangu waliotoka Nairobi. Meza ndefu, taa za vibatari, vijana wamevalishwa kanzu, na masufuria ya kung'aa yenye moto mdogo chini kuanzia saa moja hadi saa nne. Mchuzi wa nazi umekaa juu ya moto saa tatu nzima na haujakatika! Nikamwambia binamu yangu tui la namna hiyo hata bibi yetu hakulijua. Mpishi mwenyewe ni mtoto wa hapa hapa, nikamuuliza kwa upole, akacheka akaangalia pembeni akasema, "Dada, watu mia mbili, nani akune?" Nikamwelewa. Lakini kama hakuna wa kukuna, basi wasituandikie "nazi kutoka shambani" kwenye bango la getini.

Kisha ikaja bili. Bei iliyoandikwa ilikuwa moja, tuliyolipa ikawa nyingine: asilimia 16 ya VAT, asilimia 2 ya ada ya utalii, na juu yake huduma, ambayo ilikuwa sisi kujipakulia wenyewe. Kodi ilipwe, sikatai. Ila bei niioneshwe ikiwa na kila kitu ndani, nijue nikiwa bado nimesimama mlangoni. Kabla ya kukaa popote penye menyu ya ngozi, ulizeni neno hili moja: "Hii bei ina kodi ndani au nje?" Mkipewa menyu ya Kiitaliano tu isiyo na bei, ombeni nyingine, na mkiona inachukua muda kuletwa, jueni inatafutwa bei inayowafaa ninyi.

Mmeniuliza pia kuhusu sehemu za rahisi. Muhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, ndiyo. Viazi vya karai vyenye ukwaju mzito, ndiyo. Chipsi za kwenye kabati la kioo, kaleni huko mtokako.