Uanagenzi wa umeme wa majumbani: nyota nne, na kwa nini si tano

Mafunzo haya yanagawa muda kati ya karakana ya chuo na saiti ya mwajiri. Kwa anayeanza hata plaisi hajashika, nayapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya saiti.

Karakana ndiyo yenye faida. Unafunga saketi ya taa kwa waya wa 1.5 mm², ya soketi kwa 2.5 mm² na breka ya 20 A, kisha mwalimu anafungua kila kiungo. Kwanza anatafuta swichi iliyokata nyutro (waya wa kurudisha umeme) badala ya laivu (waya unaoleta umeme): taa inazima vizuri, ila holda inabaki na umeme ikimsubiri mbadilisha balbu. Pili, skrubu iliyobana plastiki badala ya shaba. Hilo halionekani siku ya kwanza. Kiungo hupata moto kidogo kidogo kila mzigo unapoongezeka, soketi inageuka kahawia, halafu inaanza kunuka. Menya waya wa kutosha, kaza, kisha uvute kwa mkono, ukitoka, hukukaza.

Kipindi cha mega, kifaa cha kupima kama umeme unavuja kwenye ganda la waya, ndicho bora kuliko vyote. Zima mein swichi, chomoa vifaa, toa balbu, acha swichi za taa zimewashwa ili waya zote ziingie kwenye kipimo. Pima kwa 500 V kati ya laivu na nyutro, kisha kila moja na ethi (waya wa ardhini). Ikisoma chini ya megaohm 1, usiwashe. Taa moja ya LED iliyosahaulika inaharibu kipimo, na pengine inaungua yenyewe.

Saiti sasa. Mwanagenzi anachimba kuta na kupitisha paipu. Wiki mbili zinatosha kuijua kazi hiyo. Zaidi ya hapo ni kibarua cha bei rahisi. Bodi ya breka anaifunga fundi mkuu peke yake, maana kosa pale linachelewesha kukabidhi nyumba. Ndiyo maana wengi wanahitimu bila kujua kwa nini breka ya kinga ya 30 mA, ile inayokata umeme ukivuja, inaruka kila mzigo ukiwashwa. Mara nyingi nyutro imegusa ethi baada ya breka hiyo, upande wa mzigo, au imechanganywa na nyutro ya saketi nyingine. Wao wananunua breka mpya, nayo inaruka vilevile.

Kabla ya kusaini mkataba, omba kuona kitabu cha kumbukumbu za kazi. Kama kimeandikwa tu "kazi za umeme", rudisha. Kitaje kufunga bodi, kupima ethi, kusoma mchoro na kutafuta hitilafu. Kijaze siku hiyohiyo na msimamizi asaini kila wiki, kwa sababu sahihi za miezi mitatu zilizopigwa kwa kalamu moja mtathmini anazitambua. Uliza pia nani ananunua buti na glovu, na nauli ni ya nani.

Kwa fundi wa mtaani mwenye miaka ya kazi, njia hii ni ndefu bure. Aulizie VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, urasimishaji wa ujuzi: anapimwa kwa anachokijua, anafundishwa mapengo tu, kisha anapewa cheti.