Taa za miche kwa wanaolima Minnesota: ipi inunuliwe kwanza

Katikati ya Januari, mchana wa Minneapolis una saa 9 na dakika chache, na jua lenyewe liko chini. Mche wa nyanya ukiuweka dirishani unarefusha shingo kufuata kioo, shina linakuwa kama uzi, kisha unalala. Kabla ya kuongeza pakiti nyingine ya mbegu, nunua taa. Tumezipanga kuanzia ile tungeitolea pesa.

1. Taa ya LED ya gereji, futi 4. Kwa kawaida ni dola 20 hadi 40. Chagua ya wati 40 hivi, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 4000 au zaidi, kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5000. Futi 4 ni sentimita 122. Trei mbili za kawaida za miche (28 kwa 54) zikifuatana kwa urefu zinachukua 108, hivyo mwanga haupotei. Sukuma wiki na kabichi zinatosheka na taa moja. Nyanya, pilipili na bilinganya zipe mbili sambamba.

Ining'inize kwa minyororo, sentimita 8 hadi 10 juu ya majani, uipandishe pingili moja moja kadiri miche inavyokua. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: taa inafungwa darini, miche inakonda, mbegu zinalaumiwa. Iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, kwa taima, si kwa kukumbuka. Wati 40 kwa saa 16 ni uniti 0.64, kama 19 kwa mwezi. Boksi liseme inafaa mahali penye unyevu, maana besimenti nyingi zina unyevu. Waya uache uning'inie chini ya soketi kidogo kabla ya kupanda, ili tone la maji liangukie sakafuni.

2. Paneli ya LED ya mimea. Ni nzuri, ila usidanganywe na "1000W" ya kwenye tangazo. Tafuta wati inazovuta kweli. Mara nyingi ni karibu 100. Ukitaka pilipili zizae ndani ya nyumba, inalipa. Kwa miche ya wiki 6 ni pesa nyingi bila sababu, na ukiisogeza karibu kama ile ya gereji majani yanapauka.

3. Tyubu za T5, yaani zile nyembamba za fluoresenti. Ukipewa bure, pokea. Mpya, hapana: tyubu moja ya futi 4 aina ya HO (ya mwanga mkali) inakula wati 54, inafifia ikizeeka, na ina zebaki, kwa hiyo hata kuitupa ni kazi.

4. Taa za zambarau za kubana mezani. Zinatosha kopo moja la dhania. Tena chini ya rangi ile huoni jani likianza kuwa njano.

5. Dirisha. Usiku wa Januari kioo ni barafu. Kuanzia mwishoni mwa Machi, dirisha linalotazama kusini linaweza kubeba sukuma wiki, si pilipili.

Taa haioteshi mbegu, hilo lieleweke. Pilipili inataka udongo wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi. Weka mkeka wa joto chini ya trei, uuondoe miche ikishachomoza. Udongo ukikaa chepechepe, kinyausi kinaingia: shina linaoza usawa wa udongo na mche uliokuwa mzima jana umelala leo. Mwagilia kwa kujaza trei ya chini, baada ya dakika 30 mwaga yaliyobaki, na feni ndogo ipitishe hewa.

Nunua Januari, lakini usipande Januari. Hesabu kutoka katikati ya Mei, jalidi linapokuwa limeisha kwa kawaida: pilipili na bilinganya mwanzoni mwa Machi, sukuma wiki katikati ya Machi, nyanya mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili. Mchicha hauhitaji taa yoyote. Usubiri udongo upate joto, mapema Juni, uumwage moja kwa moja nje.