Nywele za pembeni zimekwisha? Nunua kwa mpangilio huu

Mwaka juzi nilitoa shilingi 85,000 kwa chupa ya mililita 30 iliyoandikwa kwa dhahabu kwamba ina seli shina za tufaha, yaani seli mama zinazozaa seli nyingine. Dada wa dukani aliniapia kuwa seli zile zikiingia kichwani zinaotesha nywele upya, hata penye kipara. Nilipaka asubuhi na usiku kwa miezi miwili, mpaka nikawa naikung'uta chupa. Pembeni pakabaki vilevile. Ndipo nikakaa kusoma maandishi madogo ya nyuma, ambayo ilibidi niyasome kabla ya kufungua pochi. Viambato hupangwa kwa wingi wake. Cha kwanza kilikuwa maji. Cha pili, gliserini. Malus domestica, ndilo tufaha lenyewe, lilikuwa mkiani, jirani na manukato.

Tangu siku hiyo, kitu chochote cha nywele nakiuliza swali moja: kinaamsha seli nilizonazo, au kinadai kuniletea nyingine?

Kila unywele unatoka kwenye kishimo chake, kinyweleo. Ubavuni mwa kishimo hicho, chini kidogo ya tezi ya mafuta, pana kiuvimbe ambamo seli shina zimejikalia. Makazi hayo yalionyeshwa mwaka 1990 na watafiti wa Marekani George Cotsarelis, Tung-Tien Sun na Robert Lavker, waliochunguza panya. Muda mwingi seli hizo zimelala. Unywele wa kichwani hukua miaka 2 hadi 6, hupumzika kama miezi 3, kisha hung'oka, na seli shina huamka kuujenga mwingine. Kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida kabisa. Kwa hiyo ukifumua rasta za wiki sita ukakuta bonge la nywele, usizimie. Hizo ni za siku 42 zilizokosa pa kudondokea.

Kabla ya kununua chochote, simama dirishani, mpe mtu tochi ya simu akuangalie pembeni. Akiona vitundu vya ngozi na vinywele vifupi, laini kama vya kichanga, vinyweleo vipo, vimechoka tu. Akiona ngozi tambarare inayong'aa kama kovu la moto, bila kitundu, basi kovu limefunika kishimo na seli shina zimekufa humo. Hapo weka hela yako mfukoni, nenda moja kwa moja kwa daktari.

Namba moja kwangu haiuzwi: kulegeza msuko. Utafiti wa Profesa Nonhlanhla Khumalo na wenzake, Cape Town, uliochapishwa 2007, ulikuta asilimia 31.7 ya wanawake waliopimwa wamepoteza nywele za pembeni kwa kuvutwa. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa waliosukia nywele zilizowekwa dawa. Kwa lugha ya saluni: umeretachi Ijumaa, Jumamosi ukakazwa rasta ndefu za kufika kiunoni. Msusi akikaza mpaka macho yanavutika, sema palepale, "Dada, pembeni niachie." Wengi tunaona aibu, tunakwenda nyumbani kunywa Panadol. Msuko unaohitaji Panadol, au unaoota vipele vyeupe kwenye mstari wa mbele, ufumue usiku huohuo, hata kama umelipia jana. Twende kilioni za mistari minene, zisizofungwa kwa nguvu kisogoni, hazina shida.

Namba mbili ni kumwona daktari wa ngozi, mara moja tu, kabla ya kununua dawa. Nimeiweka juu kwa sababu sehemu kubwa ya hela tunazopoteza huenda kwenye dawa sahihi ya ugonjwa mwingine. Mapunye ya mtoto yanataka vidonge vya kuua fangasi, kupaka peke yake hakutoshi. Nywele zinazokwisha kuanzia utosini na kupanuka kama duara, huku ngozi ikiwasha au kuchoma, zinaweza kuwa na ugonjwa unaoacha makovu penye vinyweleo, unaowapata sana wanawake wenye asili ya Afrika. Mwaka 2019 watafiti walikuta baadhi yao wana hitilafu kwenye jeni iitwayo PADI3. Huo kila mwezi unaochelewa unakula vinyweleo. Tanzania tuna bahati: Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kanda cha kufundisha madaktari wa ngozi tangu 1992.

Namba tatu, na ya kwanza kwa vitu vya kuweka kwenye mkoba, ni minoksidili. Kwenye boksi utaona Minoxidil. Ilianza kama kidonge cha presha. Wagonjwa wakaanza kuota nywele hadi mashavuni, na mwaka 1988 Marekani ikaruhusu ya kupaka kichwani. Inarefusha kipindi cha kukua na kuamsha vinyweleo vilivyolala, ila kinyweleo kilichokwisha kuwa kovu haikirudishi. Ushahidi wake mwingi ni wa upara wa kurithi. Kwa pembeni zilizovutwa madaktari huiandika pia, lakini usitarajie muujiza ule ule.

Wanawake hutumia ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja. Povu ni ghali zaidi, lakini halina propilini glikoli, kile kimiminika cha kuyeyushia dawa kinachowasha baadhi yetu. Chupa ya mililita 60, ukipaka mililita 1 mara mbili kwa siku, inakwisha ndani ya mwezi. Piga hesabu ya chupa nne kabla hujaanza, maana chini ya miezi 4 huoni kitu. Tena wiki za mwanzo nywele zinaweza kukatika zaidi, wengi wanatupa chupa hapo. Na ukiacha, ulichopata kinaondoka. Mjamzito na anayenyonyesha waiache. Kama unafuga paka, usimpakate ukiwa umepaka: dawa hii inaua paka. Nunua famasi, iliyosajiliwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Wanaume wenye upara wa kurithi wana finasteridi pia, kidonge cha miligramu 1 kwa cheti cha daktari. Si ya mwanamke anayeweza kushika mimba. Shampuu ya ketokonazo, dawa ya fangasi, nunua kama una mba, basi.

Namba nne nimeipa upandikizaji, ambao wengi wangeuweka juu au wauondoe kabisa. Huu kweli unahamisha seli shina: daktari anang'oa vinyweleo hai kisogoni na kuvipanda mbele. Watu wanapanda ndege mpaka Istanbul kwa ajili hiyo. Lakini kinyweleo cha nywele za kipilipili kimejipinda chini ya ngozi, na mkono usiozoea unakikata katikati. Dai kuona picha za vichwa kama chako, si za nywele za singa. Sindano za chembe sahani (zile za kugandisha damu) kutoka damu yako mwenyewe zina matokeo ya kupanda na kushuka. Kwa bei yake, mimi ningesubiri.

Halafu ya jikoni. Mafuta ya nyonyo yanalainisha na kupunguza kukatika, nami nayapenda, ila kuotesha hayajathibitishwa. Rozimari, mmea wa kiungo, ilishindanishwa na minoksidili ya asilimia 2 huko Iran, 2015, kwa watu 100. Baada ya miezi 6 zikalingana, ingawa zote hazikuleta msitu. Maji ya vitunguu yalijaribiwa Iraki, 2002, kwa nywele zinazotoka viraka viraka, ugonjwa tofauti na wetu. Umenuka bure, shoga. Vidonge vya biotini vinamfaa aliyepungukiwa nayo, na vinaweza kuharibu majibu ya vipimo vya damu, hata cha moyo, kwa hiyo mwambie daktari.

Mkiani kabisa, seramu za seli shina. Seli ya tufaha haiwezi kugeuka ya mtu, na kwenye chupa imekwisha kusagwa kuwa dondoo. Seli hai huhifadhiwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, si kwenye rafu ya dukani kwenye joto la Dar. Ukitaka kuona seli shina za ngozi zikifanya kazi, soma habari iliyotangazwa mwaka 2017 ya mtoto wa miaka 7 huko Ujerumani. Ugonjwa wa kurithi ulikuwa umemchuna ngozi. Profesa Michele De Luca na wenzake wa Modena, Italia, walichukua ngozi yake sentimita 4 za mraba, wakarekebisha jeni, wakaikuza maabara, na madaktari wa Bochum wakamvika karibu asilimia 80 ya mwili. Hakuna aliyemdondoshea matone.

Chupa yangu sikuitupa. Kibomba chake cha kudondoshea ni kizuri sana, nimemjazia mama mafuta ya nyonyo.